Ukifanyia kazi nyumbani, jadili mgongo wako pamoja na mshahara

Watu wengi wanaopata kazi ya kompyuta ya kufanyia nyumbani huuliza swali moja tu kabla ya kutia sahihi mkataba: mshahara ni pesa ngapi? Wakishajibiwa, na kiasi kikawa kikubwa kuliko kile walichokuwa wakipata mjini, hufurahi na kutia sahihi siku hiyo hiyo. Miezi sita au minane baadaye, baadhi yao huwa wameketi mbele ya daktari wakilalamikia kiuno, shingo, macho au kukosa usingizi.

Hapa Mutuini, na hata kule Waithaka na Dagoretti, wagonjwa wa aina hii hawakuwa wengi zamani. Maumivu ya mgongo yalikuwa ya mafundi wa ujenzi, wachukuzi wa mizigo na akina mama waliolima au kubeba maji. Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 nchini alitangazwa Machi 13 mwaka huo, na siku mbili baadaye serikali ikawataka waajiri wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani kila ilipowezekana. Ugonjwa ulipopungua, wengine walirudi ofisini. Wengine hawakurudi. Na kundi jingine, la vijana hasa, lilipata waajiri wa nchi za mbali ambao halitawahi kuonana nao ana kwa ana.

Daktari anaingiaje katika mambo ya mshahara? Anaingia kwa sababu mengi ya maradhi haya hutokana na vitu ambavyo vingeweza kuombwa kwa mwajiri siku ya kwanza na havikuombwa. Kiti ni kitu cha aina hiyo. Saa za kazi ni vivyo hivyo. Bima ya afya na siku za kuugua zenye malipo pia. Katika lugha ya waajiri vitu hivi huitwa marupurupu, jina linalovifanya vionekane kama zawadi ndogo ndogo. Mimi naviona kama kinga.

Ofisi ilikupa nini?

Mtu aliyefanya kazi katika jengo lolote la katikati ya jiji alipewa mambo mengi bila kuyahesabu. Alipewa meza ya kimo kinachofaa, kiti chenye mgongo, taa, stima, maji na choo. Alitembea kutoka kituo cha matatu hadi ofisini, akapanda ngazi, akaenda kununua chakula cha mchana. Jioni alifunga mlango na kazi ikabaki huko. Tusisahau kwamba matatu nayo ilimchosha na kumlia pesa. Sisemi kwamba ofisi ilikuwa peponi.

Anapohamishia kazi nyumbani, gharama ya vitu hivyo vyote haitoweki. Huhama kutoka kwa mwajiri hadi kwa mfanyakazi. Tokeni za stima anazinunua yeye, intaneti analipia yeye, na chumba kimoja anacholala ndicho ofisi. Nyumba nyingi za kupangisha huku kwetu, zilizojengwa palipokuwa na mashamba, zina nafasi ya kitanda, kochi na meza ya kahawa. Kwa hiyo kijana huketi kitandani, kompyuta ikiwa juu ya mapaja au juu ya mto, shingo imeinama na mgongo umepinda kama upinde, kwa saa nane hadi kumi na mbili.

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu ambavyo hufanya kazi kama springi za gari. Visahani hivi havipati damu ya kutosha moja kwa moja. Hupata lishe yake mtu anaposonga, anapoinuka na kutembea. Mtu akikaa amepinda bila kusonga, visahani hubanwa upande mmoja na misuli inayoshikilia mgongo huchoka na kukaza. Mwanzoni maumivu huja jioni tu. Baadaye huja asubuhi, halafu hushuka hadi kwenye tako na mguu. Kwa upande wa shingo, kichwa kikiinama mbele kwa muda mrefu, misuli ya mabega hukaza na mtu hupata maumivu ya kichwa ambayo huyadhania kuwa malaria au shinikizo la damu.

Mikono nayo ina shida yake. Neva inayopita mbele ya kifundo cha mkono hubanwa, na dalili ni ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku. Macho huwasha na kukauka kwa sababu mtu anayetazama kioo cha kompyuta hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, na machozi yanayolainisha jicho hukauka. Macho hayaharibiki kabisa kwa sababu hiyo, kinyume cha wanavyohofia wengi, lakini adha ni kubwa. Dawa rahisi ni kutazama kitu kilicho mbali, kama mita 6 hivi, kwa sekunde 20 baada ya kila dakika 20.

Hatari inayonisumbua zaidi ni ile inayonunuliwa dukani. Mtu anayeumwa na mgongo na ambaye analipwa kwa saa hana muda wa kwenda hospitali. Huenda kwa duka la dawa akanunua diklofenaki au ibuprofeni, akameza leo, kesho, na mwezi mzima. Dawa hizi ni nzuri zikitumiwa kwa siku chache. Zikitumiwa kila siku bila ushauri, huweza kutoboa utando wa tumbo na kuleta vidonda, huongeza shinikizo la damu, na hupunguza damu inayofika kwenye figo. Anayekunywa maji kidogo kwa sababu hataki kuinuka mara kwa mara, huku akimeza vidonge hivi, anaziweka figo zake hatarini pande mbili. Nimewapima vijana wa chini ya miaka 35 ambao shinikizo la damu lao lilikuwa juu na ambao walishangaa kuulizwa kuhusu vidonge vya mgongo, kwa kuwa hawakuvihesabu kuwa dawa.

Sasa linganisheni bei. Kiti cha ofisi kilichotumika, meza kutoka kwa mafundi wa samani walio kando ya Ngong Road, na kibodi ya kando ya kuwezesha kompyuta kuinuliwa juu ya vitabu: hivyo vyote hununuliwa mara moja tu. Matibabu ya figo hayaishi.

Saa za Marekani, mwili wa Nairobi

Wanaofanyia kazi kampuni za London hawana shida kubwa, kwani tofauti ni saa 2 au 3. Marekani ni jambo jingine. Mwajiri wa New York akikuambia ufanye kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni kwa saa zao, hapa kwetu hiyo ni saa kumi jioni hadi saa sita usiku wakati wa kiangazi chao. Wanaporudisha saa nyuma mwezi Novemba, nawe unasukumwa hadi saa saba usiku. Mwajiri wa California ni mgumu zaidi: mchana wake wa kazi, katika miezi yao ya baridi, huanza hapa saa mbili za usiku na kwisha saa kumi za alfajiri.

Ubongo huutambua usiku kwa giza, na hapo hutoa homoni inayoleta usingizi. Mwanga wa taa na wa kompyuta huizuia. Mfanyakazi wa usiku anapolala asubuhi, jua limewaka, watoto wa ploti wanacheza, jirani amefungulia redio na muuzaji wa mboga anaita mlangoni. Hulala saa nne au tano mahali pa saba au nane. Akiendelea hivyo kwa miaka, uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu na unene huongezeka. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliiweka kazi ya zamu za usiku, mwaka wa 2007 na tena 2019, katika kundi la mambo ambayo yamkini husababisha saratani. Neno yamkini lichukuliwe kwa uzito wake. Halisemi kwamba kila askari wa usiku atapata saratani.

Urefu wa saa pia una hesabu yake. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakilinganishwa na wale wa saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupata kiharusi ilikuwa juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17. Saa 55 si nyingi kwa mtu wa kazi ya nyumbani. Ni siku sita za saa tisa na dakika chache. Anayejibu ujumbe wa bosi akiwa mezani kwa chakula cha jioni, kisha tena akiwa kitandani, huzipita bila kujua.

Kwa hiyo saa ziandikwe katika mkataba, kwa saa za Nairobi. Usikubali maneno kama saa zinazonyumbulika bila kuuliza ni nani atakayezinyumbua. Kuna mambo matatu ya kuomba hapa: mwisho wa siku ya kazi utajwe, mikutano iwekwe katika saa ambazo pande zote mbili ziko macho, na malipo yaongezwe kwa saa zinazopita saa nne usiku. Ukikataliwa la tatu, yashikilie mawili ya kwanza. Wafaransa wana sheria, iliyoanza Januari 1, 2017, inayozitaka kampuni kubwa zikubaliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutojibu simu na barua za kazi baada ya saa za kazi. Hapa Kenya muswada wa kuleta haki kama hiyo ulifikishwa katika Seneti. Aliye na mkataba mbele yake leo asingoje wabunge.

Jambo jingine ni programu zinazopiga picha ya kioo cha kompyuta yako kila baada ya dakika chache ili kuthibitisha kwamba unafanya kazi. Mtu anayefuatwa hivyo haendi hata msalani. Omba kwamba katika kila saa inayolipwa kuwe na dakika tano za kuinuka, na ziandikwe kuwa ni za kazi. Mwajiri mwenye akili hatakataa, kwa sababu makosa hupungua.

Je, wewe ni mwajiriwa au mkandarasi?

Hili ndilo swali ambalo wagonjwa wangu wengi hawawezi kulijibu, na ndilo linaloamua ni nani atakayelipa ukiugua.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili, na angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo, anapougua na kuleta cheti cha daktari, hulipwa mshahara wote kwa siku 7 na nusu mshahara kwa siku 7 nyingine katika kila miezi 12. Mama aliyejifungua hupata miezi mitatu kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri atoe nyumba au marupurupu ya nyumba, ingawa mikataba mingi husema kwamba yameshajumlishwa katika mshahara. Kwa akiba ya uzeeni ya NSSF, mwajiri huchangia kiasi sawa na kile unachokatwa. Na chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya 2007, mwajiri hutakiwa kuwa na bima ya kumfidia mwajiriwa anayeumia kazini.

Mkandarasi huru hana hata moja kati ya hayo, isipokuwa yale aliyoyaomba na yakaandikwa. Kampuni nyingi za ng'ambo hazina ofisi hapa, na hivyo huwachukua Wakenya kama wakandarasi. Si kosa. Kosa ni kukubali ukandarasi kwa bei ya mwajiriwa.

Chukua karatasi tufanye hesabu. Mwajiriwa anayelipwa sh65,000 kwa mwezi hupata sh780,000 kwa mwaka. Mwaka una siku 260 za kazi, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo analipwa sh3,000 kwa siku. Lakini hafanyi kazi siku hizo zote. Ana siku 21 za likizo, tuseme siku 10 za sikukuu, na siku 7 za kuugua. Zinabaki 222. Mkandarasi anayelipwa kwa siku hupata pesa kwa hizo 222 pekee. Ili naye afikishe sh780,000, anahitaji sh3,500 na kidogo zaidi kwa siku, yaani nyongeza ya asilimia 17. Na hapo bado hatujagusa NSSF, bima, stima, intaneti wala kiti. Asiyeijua hesabu hii hujilipa nyongeza hiyo kwa njia moja tu: hafanyi likizo na haugui. Mwili hukubali kwa mwaka mmoja au miwili.

Uliza vile vile kama malipo ni kabla au baada ya kukatwa, na kwa sarafu gani. Mwezi Januari 2024 dola moja ilikaribia sh160. Kufikia Agosti mwaka huo huo ilikuwa karibu sh129. Mtu wa dola 500 kwa mwezi alitoka kwenye sh80,000 hadi sh64,500 bila yeyote kumpunguzia mshahara. Wapo waliofidia pengo hilo kwa kuongeza saa za usiku, na tulionana kliniki. Kipengele kinachosema kwamba malipo yatatazamwa upya kila miezi sita, kwa kulinganisha na sarafu, si ombi la ajabu.

Bima: soma orodha ya hospitali

Tangu Oktoba 1, 2024, hazina ya afya ya jamii chini ya mamlaka ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, isipungue sh300 kwa mwezi. Mkandarasi hujisajili na kujilipia mwenyewe baada ya mapato ya nyumba yake kukadiriwa. Jisajili, hata kama una bima nyingine, na ulipe kwa wakati. Watu hukumbuka SHA wakiwa tayari langoni mwa hospitali.

Zaidi ya hiyo, bima ya kampuni ndiyo rupurupu ninayoipenda kuliko zote. Hata hivyo kadi ya bima si bima mpaka uisome. Je, inalipia matibabu ya kwenda na kurudi, au ya kulazwa tu? Matatizo ya mgongo, macho na usingizi karibu yote ni ya kwenda na kurudi. Je, mazoezi ya viungo kwa mtaalamu yamo? Miwani imo? Ushauri wa mwanasaikolojia umo? Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kuajiriwa utalipiwa baada ya muda gani? Mke au mume na watoto wamo? Isitoshe, tazama orodha ya hospitali. Kuna kadi zinazokubaliwa katika hospitali kubwa za mjini pekee, na mtu anayeishi Mutuini mtoto wake akishikwa na homa saa nane usiku hawezi kuanza safari hiyo. Nyingine hufanya kazi huko huko ng'ambo tu, kwa hiyo kwako ni karatasi.

Ukiambiwa kampuni haitoi bima kwa wakandarasi, omba kiasi cha pesa kila mwezi cha kulipia bima unayoichagua mwenyewe, na ukitumie kwa kazi hiyo. Nasema hivyo kwa sababu nawajua watu. Pesa ya bima inayoingia M-Pesa huishia kwenye karo.

Kuomba bila kuogopa

Hofu ya kawaida ni kwamba ukiomba mengi watampa mwingine. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo sababu wakati wa kuomba ni muhimu kuliko ufasaha. Kabla hujapewa kazi huna nguvu. Ukishatia sahihi huna tena. Nguvu zako ziko katika zile siku chache baada ya kampuni kusema inakutaka na kabla hujasema ndiyo. Omba muda wa siku mbili ukasome mkataba. Hakuna mwajiri wa maana anayekasirikia hilo.

Tumia siku hizo kuandika gharama zako za mwezi mmoja: stima, intaneti, laini ya pili ya akiba kwa siku ambazo ya kwanza imekatika. Kisha omba vitu kwa mpangilio, ukianza na vile visivyomgharimu mwajiri pesa: mwisho wa saa, dakika za kuinuka, siku za kuugua. Halafu vile vya mara moja: kiti, meza, kibodi. Mwisho vile vya kila mwezi. Mwajiri akikataa kuongeza mshahara, mara nyingi hukubali vya mara moja, kwa kuwa havimfungi. Na kila lililokubaliwa kwa simu liandikie barua pepe siku hiyo hiyo, ukisema kwa adabu kwamba hivi ndivyo ulivyoelewa.

Sina haja na marupurupu ya fulana na vikombe vyenye nembo ya kampuni. Uanachama wa jimu nao ni mzuri kama jimu iko karibu na kama utakwenda. Mgonjwa mmoja, kijana wa uhasibu, aliniambia alipewa uchaguzi kati ya jimu ya mtaa wa mbali na kiti, akachagua jimu. Hajaingia humo tangu wiki ya pili. Angechukua kiti.

Tazama pia mahali ambapo mkataba unasema mizozo itaamuliwa. Ikiwa ni katika mahakama ya nchi nyingine, jua kwamba hutakwenda huko kudai siku saba za kuugua.

Wasio na wa kujadiliana naye

Wako wengine ambao ushauri huu hauwafai sana. Hao ni wale wa vibarua vya mtandaoni: kuandika maneno ya sauti zilizorekodiwa, kuweka alama kwenye picha za kufundishia kompyuta, na kadhalika. Bei huwekwa na mtambo, na anayelalamika hufungiwa akaunti. Machi 2024 mtandao wa Remotasks uliwafungia Wakenya, na vijana wengi waliojitegemeza kwao walibaki mikono mitupu. Kwa watu hawa mazungumzo ni kati ya mtu na nafsi yake: nitafanya saa ngapi kwa siku, na nitaacha saa ngapi. Wapo pia walioamua kuungana. Mei 2023, hapa Nairobi, wafanyakazi wa kukagua yanayochapishwa katika mitandao ya kijamii walikubaliana kuunda chama chao.

Habari za wakaguzi hao zinastahili kusomwa na kila mwenye mwajiri wa mbali, ingawa wao walifanyia kazi ofisini jijini, chini ya kampuni ya Sama iliyopewa kandarasi na Meta, wenye Facebook. Kazi yao ilikuwa kutazama video na picha za mauaji, mateso na unajisi ili ziondolewe. Mei 2022 aliyekuwa mmoja wao, Daniel Motaung, alikwenda mahakamani, na mwaka uliofuata wakaguzi wengine zaidi ya 180 wakawasilisha kesi yao. Miongoni mwa malalamiko ni kwamba malipo yalikuwa duni na huduma ya afya ya akili haikutosha. Kampuni zimepinga madai hayo. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Desemba mwaka huo, Dkt Ian Kanyanya, mkuu wa huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, aliwasilisha ripoti kuhusu wakaguzi zaidi ya 140 aliowapima: alikuta wana maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko, pamoja na wasiwasi na huzuni iliyopita kiasi.

Maradhi hayo huja na ndoto za kutisha, kushtuka ovyo, kuepuka watu na kukosa hamu hata ya ndoa. Anayefanya kazi ya aina hiyo akiwa peke yake nyumbani yuko katika hatari zaidi, kwani hana hata mwenzake wa meza ya pili wa kumwambia alichokiona. Ukipewa kazi inayohusu picha kama hizo, uliza kabla ya mshahara: ni saa ngapi kwa siku nitazitazama, na mtaalamu wa kuzungumza naye ni nani, analipwa na nani, na ataendelea kupatikana kwa muda gani nikiiacha kazi? Kama hakuna majibu, mimi kama daktari singekushauri uichukue, hata kwa dola.

Kuna dalili ambazo hazingoji mkataba wala likizo. Mguu ukipoteza nguvu, ukihisi ganzi kati ya mapaja, au mkojo ukikutoka au ukikataa kutoka pamoja na maumivu ya mgongo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani neva zinabanwa na kila saa ina maana. Fanya hivyo pia kwa maumivu ya kifua, mdomo unaopinda ghafla, kinyesi cheusi kama lami kwa mtu anayemeza vidonge vya maumivu, au mawazo ya kujiua. Mwambie daktari kazi unayoifanya na saa unazoifanya, umpelekee vidonge vyote unavyotumia, na umwombe cheti kinachotaja siku za kupumzika kwa tarehe. Mwajiri wa mbali hupokea picha ya cheti sawa na yule wa hapa mjini.